Nguzo ya Bafu la Mzee

Binti yangu anakaa Dallas. Si ile ya ng'ambo, ni hii yetu ya Embu mjini, ambayo sijui nani aliipa jina hilo na alikuwa amekunywa nini. Tangu goti langu lianze kunigomea amenihamishia kwake, na juzi alileta fundi akatoboa kuta za bafu, akafunga vyuma vya kushikilia, akatandaza mpira sakafuni na kuweka kiti cha plastiki chenye matundu. Kazi ilipokwisha alinisimamisha mlangoni akaanza kunifundisha. "Mama, ukiingia shika hapa. Ukitaka kuinuka, shika hapa." Niliitikia kwa adabu. Ana shahada mbili na mimi sina hata nusu, kwa hivyo sikumwambia kwamba mambo hayo ya kiti, ya sakafu na ya kushikilia niliyafanya yote kabla yeye hajazaliwa, tena katika nyakati ambazo kusimamisha mti nyuma ya nyumba yako kulijadiliwa kwenye baraza.

Mimi ni mzaliwa wa Meru niliyeolewa Embu. Nilikuwa bado bibi arusi wa juzi serikali ya Mwingereza ilipotangaza Hali ya Hatari, na kabla sijawajua majirani wote kwa sura, mume wangu akachukuliwa kizuizini. Kosa lake sikuambiwa. Nadhani hata yeye hakuambiwa, maana wale watu walikuwa na kazi nyingi na hawakuwa na muda wa kueleza kila mtu. Alipopakiwa kwenye lori alinitazama akasema neno moja tu: "Nitunzie mzee." Hakusema vipi. Nikabaki na babake, mjane, mwenye goti moja zima, macho yaliyoanza kuingia ukungu, na ulimi ambao haukuwa na ugonjwa wowote.

Kisha tukahamishwa. Serikali, kwa huruma yake, iliona tunakaa mbalimbali mno kwenye mashamba yetu na huenda tukapata upweke. Ikatukusanya katika kijiji kimoja, nyumba zikapangwa kwa mistari, tukazungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa ncha, ambalo tulilichimba wenyewe ili tusikose mazoezi. Nyumba za kule mashambani zilichomwa moto, tusije tukasumbuliwa na mawazo ya kurudi. Nyumba ya mzee ilikuwa ya nguzo za mti mgumu alizozikata mwenyewe wakati alipokuwa anaoa. Iliwaka siku mbili. Mzee alitazama mpaka macho yakatoka machozi, akasema ni moshi.

Huko kijijini nilimjengea bafu. Bafu ni neno kubwa. Kulikuwa na fito, majani ya migomba yaliyofungwa kwenye fito, na katikati jiwe bapa nililolibeba kutoka mtoni. Jiwe lenyewe lilikuwa zuri sana, limesuguliwa na maji miaka na miaka hadi likawa laini kabisa, na mimi nililichagua kwa sababu hiyo hiyo. Nilikuwa mchanga, nilifikiri baba mkwe anastahili jiwe laini. Ongeza sabuni ya kipande juu yake, na maji, na mzee mwenye goti moja, uone.

Siku alipoanguka nilikuwa mbele ya nyumba nikichambua maharagwe. Nilisikia kishindo, nikasikia na kibuyu kikibingirika. Nikakimbia nyuma, lakini kabla sijafika kwenye majani ya migomba sauti yake ilinikomesha.

"Usiingie."

Nikageuka nikaupa ukuta mgongo. "Baba, umeumia?"

"Hilo nalo ni swali, Mmeru? Mtu akianguka juu ya jiwe huwa anafurahi?" Alikuwa akiniita Mmeru tangu siku nilipoletwa, na sikuwahi kujua kama ni tusi au ni mapenzi.

Sasa nieleze, kwa sababu vijana wa siku hizi wataniuliza kwa nini sikuingia nikamwinua yakaisha. Kwa watu wetu mkaza mwana hamwoni baba mkwe akiwa uchi, wala hamgusi. Mwana wa kiume anaweza kumwinua babake, kwa shida. Baba naye haingii anakooga mwanawe aliyekwisha tahiriwa. Mambo haya yakitokea, iwe kwa bahati mbaya au kwa wema, ni lazima mbuzi achinjwe na wazee waje walisafishe boma. Wazee wengi walikuwa kizuizini. Mbuzi nao walikuwa wamenyang'anywa wote, nadhani walishukiwa kula kiapo cha Mau Mau. Na wanaume wenye nguvu waliobaki kijijini walikuwa homugadi, wenzetu walioshika bunduki za serikali, na mzee alishasema kwamba heri aoze pale pale kuliko kuinuliwa na mkono uliochoma nyumba yake.

"Basi nimwite nani, Baba?"

"Ngoja mwanangu arudi. Yeye ndiye ataniinua."

"Atarudi lini?"

Maji yalikuwa yanapoa. Nikachukua jembe langu, nikaligeuza, nikapenyeza mpini katikati ya majani huku nimeangalia upande wa Mlima Kenya. Aliushika. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, yeye akajikokota, hadi nikasikia anapumua akiwa wima. Alipotoka amejifunika shuka yake alipita mbele yangu bila kunitazama, akaniambia mpini ule una mafundo, nitafute mwingine.

Tangu siku ile sikulala vizuri. Nilijua kwamba siku moja mpini hautatosha. Ataanguka vibaya, atabaki pale juu ya jiwe, na mimi nitakuwa nje nimempa mgongo nikimsikiliza akifa. Kisha mume wangu atarudi aniulize babake yuko wapi, na nimjibu nini? Kwamba alioga?

Msaada wa kwanza ulitoka kwa hedimani wa kijiji, aliyewekwa na serikali kututawala, ingawa yeye hakujua kwamba anasaidia. Huyu alikuwa mtu wa usalama mpaka kwenye kucha. Aliposikia kwamba nimeonekana nikichokoa bafu kwa jembe, alikuja na homugadi wawili kukagua kama tumeficha mtu. Walikuta jiwe na kibuyu. Alisikitika kidogo, nilimwona. Lakini hakutaka safari yake iende bure, basi akatoa amri kwamba kuta zote za mabafu kijijini zikatwe zifike kifuani tu, ili askari aliye kwenye mnara wa ulinzi aone ni nani anaoga na anaoga na nani. Alipomwona mzee anachechemea akamwambia, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Mzee akamjibu kwamba mkuu mwenyewe hajawahi kusema lolote la kusikika.

Kwa hivyo mzee, ili asitazamwe na mnara, ikabidi aoge ameketi. Nilimwingizia kigoda chake cha miguu mitatu. Na kweli mtu aliyeketi haanguki ovyo. Nilitamani kwenda kumshukuru hedimani, lakini nikaona atakikata na kigoda.

Shida ilikuwa kwamba kigoda nacho kilianza kuteleza juu ya lile jiwe langu zuri. Siku nilizopata pasi ya kutoka kijijini nilikuwa nauza ndizi Embu mjini, na mnunuzi wangu mmoja alikuwa mke wa mchinjaji, mama wa Kiislamu ambaye Kiswahili chake kilinifanya nione aibu ya changu. Nilimweleza taabu yangu. Akanihurumia, akanipa kipande cha ngozi ya ng'ombe. "Kitandaze, manyoya yawe juu," akaniambia. "Hatateleza tena baba wa watu." Na hakuteleza. Kwa siku chache tulikuwa na bafu la kitajiri. Kisha ngozi ikalowa ikakauka ikalowa tena, ikaanza kunuka, na mbwa wa homugadi, ambao walikuwa wanakula vizuri kuliko sisi lakini hawakuridhika, wakaja kuivuta mzee akiwa ameketi juu yake. Nilisikia kelele nyuma ya nyumba, mzee akiwatukana mbwa na waliowazaa na waliowaajiri, huku akiwapiga kwa kibuyu. Sikuingia. Nilicheka nikiwa nimeuma shuka.

Nikaacha ujanja wa kuomba. Nililitoa jiwe, nikakaa nalo siku nzima nikiligonga kwa ncha ya panga kuukuu hadi uso wake wote ukawa wa kukwaruza, kisha nikalirudisha na kuzungusha changarawe pembeni ili maji yapate pa kwenda. Jiwe likawa baya, na kigoda kikatulia. Ikabaki kuinuka. Akishakaa, lile goti lilikuwa halimwinui, na nilikuwa nikisikia akijaribu, akianguka kitako, akijaribu tena. Alihitaji kitu cha kushika kilichosimama imara ardhini.

Miti ya karibu yote ilikuwa imefyekwa, adui asipate kivuli. Lakini tulipokuwa tukijenga ua wa kijiji kulibaki vipande vya mukungugu, ule mti wa ua ambao ukiukata ukauchomeka ardhini unaota, hata uuchomeke kichwa chini. Ulikuwa mbichi, mnene wa kujaa mkononi, rahisi kubeba. Nikachukua viwili nikavichimbia kando ya jiwe. Mzee alivipapasa, akavitingisha, akaguna. Guno lile lilikuwa sifa kubwa. Wiki kadhaa alioga na kuinuka mwenyewe, na mimi nikaanza kulala.

Mvua ikaja. Nguzo zangu, zikinyweshwa na mawingu kwa juu na mzee kwa chini, zikachipuka. Niliona majani nikafurahi. Nilifikiri yakikua yatamkinga na macho ya mnarani.

Hedimani aliyaona pia, kwa sababu ukuta alioukata mwenyewe haukuweza kumzuia. Jumamosi ya baraza alisimama mbele ya kijiji kizima, akasema kwamba anataka kutoa mfano wa raia mwema. Kuna mzee hapa, akasema, ambaye alikuwa kichwa ngumu, lakini sasa ameona nuru, ameukubali mji mpya, amechomeka mukungugu wa mpaka kwenye kiwanja chake, na umeshika. Akaomba tumpigie makofi. Wengine walipiga. Mzee alikuwa ameketi karibu yangu, na nilimsikia anavuta pumzi ndefu halafu haitoi.

Alisubiri tufike nyumbani. "Mmeru," akasema, "zile nguzo ni za mti gani?"

Nikamwambia.

Sijawahi kuona mtu akizeeka nikimtazama, isipokuwa siku hiyo. Kwetu Meru nilikotoka wanawake hatukuhusishwa na habari za mipaka. Sisi tulijua kulima ndani yake tu. Sikujua kwamba kwa watu wa mume wangu, mwanaume akichomeka mukungugu mahali, ukachipuka watu wakiona, amesema hapa ndipo kwangu. Na mtu hana kwao pawili. Habari zilikuwa zimeanza kupita kwamba mashamba yatapimwa upya, na mzee aliijua siku hiyo inavyokuja. Atasimama mtu mbele ya wapimaji aseme, huyu alishaweka mpaka wake kule kijijini, tulimpigia makofi. Na mume wangu angerudi akute babake yupo lakini shamba hakuna, kwa sababu mkewe alitaka mzee asiteleze.

"Zing'oe," akasema.

"Utashika nini, Baba?"

"Nikianguka, nianguke. Lakini kitu changu hakitaota hapa."

Nilizing'oa. Zilikuwa tayari na mizizi myeupe, na nilizitupa handakini nikiwa na hasira, na yeye, na hedimani, na mti wenyewe usiojua kufa. Hedimani alipouliza mpaka umeenda wapi nilimwambia ni mchwa. Mzee akarudi kupapatika kwenye jiwe. Mara ya pili nilisikia kishindo, nikapenyeza mpini, na safari hii ilichukua muda mrefu sana kabla mkono wake haujaupata. Baada ya hapo akaacha kuoga. Alijifuta kwa kitambaa chenye maji, ndani, akasema ngozi ya mzee haihitaji zaidi. Alianza kunuka, mtu aliyekuwa akinawa hata kabla ya kula muhogo. Aliona haya kukaa karibu na watu. Ndipo nilipoelewa kwamba kuna njia nyingine ya kumpoteza, ya polepole.

Saa chache kwa siku wanawake tuliruhusiwa kwenda kwenye mashamba yetu kuchukua chakula, homugadi wakitusindikiza ili viazi visitushambulie. Siku moja nilipokuwa nikichimba nilinyanyua macho nikaona pale nyumba ya mzee ilipokuwa. Majani yalikuwa yameota juu ya jivu. Nguzo moja ya mlangoni ilikuwa imebaki, imeinama, nyeusi kote, lakini nilipoigonga kwa jembe ililia kavu na ngumu. Moto ulikuwa umeila juu juu tu. Niliing'oa, nikaifunga kwa kamba, kamba nikaivika kichwani, nguzo nikaibeba mgongoni kama tunavyobeba kuni, viazi nikaviacha.

Homugadi akaniuliza, "Hiyo ni nini?"

"Kuni."

"Kuni moja?"

"Ndiyo nguvu zangu zilipofika." Akacheka. Niliinama njia nzima, kamba ikinikata kipaji cha uso, na nilikuwa naomba isije ikajulikana kwamba natabasamu.

Niliichimbia kando ya jiwe, shimo refu, nikashindilia mawe. Kisha nikamwambia mzee maji yako tayari, maji tu, hakuna lingine. Aligomagoma. Mwishowe alikuja, nami nikageuka nikampa mgongo mahali pangu. Nilisikia kigoda kikilia. Nilisikia mkono wake ukipapasa ukikisia, ukishika, ukisimama. Katika nguzo ile kulikuwa na mkato, mahali ambapo kamba ya mlango ilikuwa imesugua miaka yote ya ndoa yake. Vidole vyake viliupata. Nilijua viliupata kwa sababu nilivisikia vikipita humo, kwenda na kurudi.

"Huu hautaota," akasema mwishowe.

"Hautaota, Baba. Serikali iliuchoma vizuri."

Alicheka. Tangu nyumba ichomwe sikuwa nimemsikia akicheka, na mimi nilicheka naye, tukiwa tumetenganishwa na majani ya migomba. Tangu siku hiyo alioga kila jioni kabla ya kafyu. Hedimani alipochungulia aliona kijiti cha mkaa akakidharau.

Miaka ikapita hivyo. Bidii ya hedimani ikapungua kidogo kidogo, nikaupandisha ukuta tena, na hakuna aliyeuliza. Mzee aliendelea kusema neno lake lile lile: mwanangu akirudi ndiye atakuwa ananiinua, wewe utapumzika na huo mpini.

Mume wangu alirudi mchana. Aliteremshwa barabarani na lori, akaja akitembea kwa fimbo. Nilikuwa natoka mtoni na nilimpita bila kumtambua. Yeye ndiye aliyeniita. Sitaeleza alivyokuwa, aliyeona watu wakirudi kutoka kule anajua, na asiyeona asifikirie atajua kwa kusoma. Nilimpa uji. Nikachemsha maji, nikachukua sabuni na kitambaa, nikampeleka nyuma ya nyumba nikimshika kiwiko. Pale kwenye mlango wa bafu akasimama.

"Usiingie," akaniambia.

"Mimi ni mke wako."

"Najua. Usiingie."

Hakutaka nione walivyoufanya mgongo wake. Aliingia peke yake. Nikageuka nikasimama mahali pangu pa zamani, nimeangalia mlima, na nilisikia fimbo ikianguka. Nikasikia magoti yakigonga jiwe. Nikasikia anajaribu kuinuka na anashindwa, na nikatazama huku na huku nikitafuta jembe.

Ndipo mzee alipotokea kwenye kona, akipapasa ukuta kwa mkono mmoja. Alikuwa amesikia. Alinipita, yeye aliyenifundisha mila zote za nyumba hiyo, akainamisha kichwa akaingia. Halafu nilisikia sauti yake, ya chini, isiyo na mzaha wowote.

"Shika hapa."

"Ni nini hiki, Baba?"

"Ni mlango wetu. Shika, nikuoshe mgongo."

Nililia pale nje, nimewapa mgongo wote wawili, na maji yakawa yanamwagika polepole yakitokea miguuni pangu. Habari ya mbuzi wa kulisafisha boma hakuna aliyeitaja, siku hiyo wala baadaye.